Mjadala: Kirumbizi kiwekewe mwamuzi na alama, au kibaki ngoma?

Mtoa mada
Wakuu, salaam. Kirumbizi, mchezo wetu wa fimbo wa pwani, siku hizi unakiona Lamu wakati wa Maulidi, kwenye harusi mojamoja, na watalii wakishukishwa. Basi. Napendekeza kifanywe mchezo kamili: kofia ngumu, raundi, mwamuzi, alama kwa kila pigo, kisha kiingizwe kwenye michezo ya shule. Wamisri wametutangulia. Tahtib, mchezo wao wa fimbo wa Misri ya Juu, iliingia orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2016, na Adel Boulad, Mfaransa mwenye asili ya Misri, ameitungia mtindo wa kisasa wa kufundishwa ukumbini. Sisi tunangoja nini?

Mtu wa Langoni
Ndugu yangu, mfano wako wenyewe unakuangusha. Hiyo tahtib iliyoorodheshwa 2016 ni ile ya harusini na kwenye sherehe, ya ngoma na nyimbo, na sharti lake ni kwamba mwenzako humpigi. Unaonyesha kwamba ungeweza kumfikia, halafu unajizuia. Sasa wewe unataka kutoa alama kwa pigo! Umechukua cheti cha mchezo mmoja ukakibandika kwenye mwingine.

Njoo kwenye kirumbizi. Watu wamezunguka, zumari inalia, ngoma zinaitikia. Kijana anaingia na fimbo yake, anazunguka kwa madaha, anamtazama huyu, anampita yule, mpaka apate wa kumjibu. Wakikutana, pigo linakwenda juu, fimbo inapokea fimbo, ta! Wanaachana, wanacheza tena. Wanaojua hawakodolei mkono, wanatazama miguu: aliyetoka kwenye mdundo amekwisha hata kama hajaguswa. Na damu zikianza kuchemka, mpiga zumari anaona kabla ya mtu mwingine yeyote. Akipunguza, wanapoa. Akinyamaza, hakuna cha kupigania, maana kupigana bila ngoma ni ugomvi na kila mtu pale anajua hivyo.

Huyo ndiye mwamuzi. Ukimweka mwenye filimbi, vijana watamsikiliza nani? Nami namjua kijana: mwambie pigo la kichwa ni alama tatu, atatafuta kichwa tu, madaha yote ayaache.

Halafu hili la kudhani mashindano makubwa huuokoa mchezo. Waingereza walikuwa na mchezo wao wa fimbo, ukaingia Olimpiki ya St. Louis mwaka 1904. Wakashindana Wamarekani watupu, medali zikagawiwa, na haukurudi tena Olimpiki mpaka leo.

Mkaazi wa Kusini Unguja
Mnabishana kofia na alama wakati Makunduchi tulishamaliza. Kwenye Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya, wanaume hutwangana kwelikweli, upande huu na upande ule, na kinyongo cha mwaka mzima kinaishia hapo. Lakini kwa migomba. Wazee husimulia kwamba zamani zilikuwa fimbo. Hakuna aliyeleta kofia wala alama, kilichobadilishwa ni cha kupigia. Anayeogopa majeraha aanzie hapo.

Mtu wa Langoni
Sheikh, kirumbizi kwa mgomba? Fimbo isipolia, mpiga ngoma atamjibu nani? Lenu ni zuri huko kwenu.

Mama Mwalimu
Mimi nauliza kama mzazi. Mwanangu akipasuliwa uso, zumari itamlipia matibabu? Kofia kwa watoto wanaojifunza sioni ubaya wake, hata anayejifunza kuogelea hatupwi kilindini. Na mbona kila mnapotaja wachezaji mnasema vijana wa kiume? Huo mtindo wa kisasa wa tahtib mnaousifu, hata wanawake wanaucheza. Kaka zangu hapa wote wamelipita hilo kimyakimya.

Mtoa mada
Mama Mwalimu kanisemea la kofia. La wanawake mimi naliunga mkono, najua nitatukanwa.

Ila wewe wa Langoni, hoja yako yote umeitundika kwenye zumari. Haya, nitajie wapuliza zumari walio chini ya miaka thelathini hapo mtaani kwenu. Fimbo kila mtoto anaweza kukata leo akacheza kesho. Zumari inataka pumzi isiyokatika, mashavu yanabaki yamejaa huku pua inavuta hewa, na hilo halifundishwi kwa mwezi mmoja. Wakiondoka waliopo, huyo mwamuzi wako atatoka wapi? Ndiyo maana nataka shule, maana hata filimbi ni bora kuliko kimya.

Mtu wa Langoni
Sasa umesema la maana. Siwezi kukutajia hata watatu. Basi tufanye hivi: peleka kirumbizi shuleni, kofia wavae wanaoanza kama anavyotaka Mama Mwalimu, lakini fungu ulilotaka kuwalipa waamuzi alipwe mpiga zumari mzee awe na wanafunzi wake, mchana, baada ya masomo. Alama sikupi.

Mama Mwalimu
Na wasichana?

Mtu wa Langoni
Bi mkubwa, waanze na zumari. Fimbo tutazungumza.

Mama Mwalimu
Tunazungumza sasa hivi.