Albamu ya kwanza ya mtoto wa miaka 11, mtindo wa Latin pop: toni, siku za studio, Kihispania na karatasi (Lubumbashi)

MamaKwaya_Kamalondo

Jambo ndugu zangu. Naomba msaada kwa albamu ya msichana wa miaka 11, soprano wa kwaya ya watoto. Nyimbo ni 8: tano za Kiswahili zenye mdundo wa Latin pop (pop ya Amerika ya Kilatini), mbili za Kihispania, na moja ni wimbo maarufu wa Latin pop tulioubadilishia maneno yakawa ya Kiswahili. Maketi zote (rekodi za majaribio) ziliimbwa na mwanaume, nyingi katika la minor. Baba wa mtoto anataka sauti zote zimalizike kwa siku mbili kwa sababu studio inalipwa kwa siku.

Tupandishe oktava nzima, yaani nusu toni 12? Siku mbili zinatosha? Hapa hakuna anayejua Kihispania. Na karatasi gani zisainiwe kabla ya kuanza?

FundiMikro

Mama, oktava hapana. Piga hesabu kwenye kinanda. Mwanaume akiimba kati ya mi iliyo chini ya do ya kati na sol iliyo juu yake, oktava itampeleka mtoto hadi sol ya juu kabisa, na kiitikio kitakuwa kelele. Msichana wa umri huo huimba kwa raha kuanzia la iliyo chini ya do ya kati hadi re ya oktava inayofuata. Pandisha nusu toni tano tu: la minor inakuwa re minor, na sauti inatembea kati ya la na do. Hapo ndipo kwake.

Kisha mjaribu akiwa amechoka, mwisho wa mazoezi. Aimbe mstari wa juu kuliko yote mara tatu mfululizo. Akiinua kidevu, au irabu "i" ikibanwa puani, shusha nusu toni moja. Noti za chini zikitoka pumzi tupu, pandisha.

Msivute maketi kwa kompyuta kufika re minor. Nusu toni moja au mbili zinavumilika. Tano, gitaa linakuwa la plastiki na ngoma zinapoteza uzito. Gitaa lirudiwe, kapo (kibano cha nyuzi) kwenye kizuizi cha 5, mpigaji abaki na mikono yake ya la minor. Besi na kinanda kama viliingizwa kwa MIDI (noti za kompyuta, si sauti), kubadilisha toni ni kubonyeza tu.

Siku mbili kwa nyimbo 8 ni kuua koo. Wimbo mmoja kwa siku, na siku akiwa na nguvu aongeze sauti za nyuma za wimbo wa jana. Pasha sauti dakika 10, imba 20 hadi 25, pumzika 10, rudia. Raundi tatu basi. Rekodi wimbo mzima mara tatu, halafu rekebisha sentensi kwa sentensi. Ukifika mara ya tano au ya sita noti zinaanza kuzama, na mkimlazimisha fundi atakuja kuzinyoosha kwa programu hadi mtoto asikike kama roboti. Ongeeni na studio mlipe kwa saa.

Mikro iwe kwenye kimo cha mdomo wake, sentimita 15 hadi 20, kichujio cha pumzi katikati. Studio nyingi huiacha kwenye kimo cha mtu mzima, mtoto anaimba akitazama dari na shingo imekazwa. Rekodi biti 24, vilele vya sauti visivuke −6 dB. Kaske (spika za masikioni) nyingi ni kubwa kwa kichwa cha mtoto, klik (mlio wa kuhesabu mapigo) inavuja na kuingia kwenye mikro. Punguza klik, au zima kabisa kwenye balladi (wimbo wa taratibu).

Chagueni na mwezi. Novemba hadi Machi mvua kwenye bati inaharibu kila kitu. Juni na Julai asubuhi ni baridi na vumbi, koo linakauka. Aprili mwishoni na Mei ni bora. SNEL (shirika la umeme) ikikata, endeleeni kwa betri ya laptopu na kadi ya sauti ya USB. Jenereta iwe nyuma ya ukuta wa pili, na msikilize kama kuna mlio wa chini kabla ya kumwita mtoto.

YayaBongó

FundiMikro amemaliza upande wa sauti, mimi nachukua mdundo, kwa sababu hapo ndipo albamu hizi zinapoharibika bila mtu kujua.

Clave, mdundo unaoongoza muziki wa Kuba, ni baa (vipimo vya muziki) mbili: upande mmoja mapigo matatu, mwingine mawili. Melodia ndiyo inaamua uanze na upi, na ukianza hugeuzi. Kosa linatokea pale wimbo unapofupishwa kwa ajili ya redio: fundi anakata baa moja, kuanzia hapo ngoma za konga na sauti zinagombana. Ukikata, kata mbili. Watu wa rumba watalisikia hilo hata kama hawajui jina lake, santuri za Kuba zilifika Kongo tangu miaka ya 1930.

Kasi, mapigo kwa dakika: balladi 65 hadi 80, reggaeton 88 hadi 98, bachata 120 hadi 130. Kwenye reggaeton kiki (ngoma kubwa ya mguu) inapiga kila pigo. Hesabu 8 ndogo ndani ya nusu baa, snea (ngoma ya mlio mkavu) inaangukia namba 4 na 7. Msiweke kiki nzito kama ya klabu, inafunika sauti nyembamba. Bachata inataka bongó (ngoma mbili ndogo) na güira (chuma cha kukwaruza). Güira haipo? Chupa ya Fanta yenye mifereji ikikwaruzwa kijiti, kama wapiga gitaa wa Katanga walivyofanya zamani, mikro ikae sentimita 30. Siyo sauti ileile, ila ni nzuri kuliko sampuli nyingi.

Na tafadhali, sebene (kipande cha gitaa cha kucheza) moja kwa albamu nzima yatosha!

Kihispania kwetu si kigumu, irabu tano ni zetu. Taabu ni tatu. Mkazo: sisi tunautupa silabi ya pili kutoka mwisho, lakini "corazón" unaanguka mwisho na "música" mwanzo. Pili, konsonanti ya mwisho: mtoto atasema "amori", mzuieni. Tatu, irabu zinazokutana zinaungana: "mi amor" ni silabi mbili, mya-mor. Akiimba tatu, mstari mzima unachelewa na fundi atalaumu klik. Mwandikieni maneno kwa herufi za Kiswahili, silabi yenye mkazo kwa wino mwekundu, asome kwa mdundo bila melodia mpaka aache kutazama karatasi.

Kampemba4Pista

Kwa nini 8? Mwimbaji Luis Miguel, naye akiwa mtoto, alitoa *Un Sol* mwaka 1982 akiwa na kampuni kubwa nyuma yake. Shakira wa Kolombia alitoa *Magia* mwaka 1991 akiwa na miaka 14, na kampuni ya Sony Colombia, na hiyo albamu haikuuza. Mafanikio yalikuja 1995 na *Pies Descalzos*. Toeni nne, fedha zilizobaki ziende kwenye mikisaji (kuchanganya sauti) na video moja.

FundiMikro

Naafiki. Ila rekodini maketi zote 8 sasa katika toni mbili, ya leo na nyingine nusu toni tatu chini. Msichana wa miaka 12 au 13 sauti huwa na pumzi kwa muda, juu panakuwa pagumu.

KaratasiKwanza

Sheria ya Kongo namba 09/001 ya 10 Januari 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo mzazi au mlezi ndiye anasaini. Someni mambo manne: masta (rekodi asili) ni ya nani, mkataba ni wa albamu ngapi (kataeni "tano zinazofuata"), asilimia za mtunzi wa maneno na wa muziki, zikiandikwa siku ileile wimbo unapokamilika, na saa za kazi zisizogusa shule. Kila mpiga ala alipwe kwa risiti inayosema amelipwa na hadai masta. Nyimbo zenu zisajiliwe SOCODA, shirika la haki za watunzi Kongo.

Wimbo mliobadilishia maneno ni tatizo lenu kubwa. Kurudia wimbo kama ulivyo ni jambo moja. Kuutafsiri ni kuunda kazi mpya juu ya mali ya mtu, lazima ruhusa ya mwenye haki za wimbo, na isipokuja kwa maandishi msiuweke.

Biti (midundo iliyotengenezwa tayari) za kupakua intaneti nazo, hata ukizilipia, mara nyingi unakodisha tu, na msanii mwingine anaweza kuwa na biti ileile. YouTube inaweza kusema ni ya msanii huyo.

MamaKwaya_Kamalondo

Aksanti sana. Wimbo ule tunautoa. Akaunti ifunguliwe kwa jina la mtoto?

KaratasiKwanza

Hapana, ya mzazi; chini ya miaka 13 hawezi kuimiliki mwenyewe. Na angalieni alama ya "maudhui ya watoto" kwenye YouTube: ikiwekwa, maoni yanafungwa na matangazo yanalipa kidogo. Mwimbaji kuwa mtoto hakufanyi video iwe ya watoto, kinachotazamwa ni nani imelengwa. Jibuni kwa ukweli. Kabla ya kupakia, faili za sauti (WAV) za kila ala pamoja na instrumental ziwe kwenye diski mbili, moja isikae studio.