Naomba ushauri: kipupwe kimetukuta na msiba, tufanyeje nyumbani pakalike?

Mleta mada (Uyui)

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za majukumu. Mama yetu alifariki mwezi Machi, na baada ya arobaini ndugu wote walirejea makwao, nikabaki mimi na baba hapa kijijini, kwa kuwa mkataba wangu wa kazi Dar es Salaam ulikuwa umekwisha na kodi ya nyumba ilinishinda. Mchana hauna shida. Taabu huanza jua likizama: upepo wa kipupwe hupenya chini ya bati, baba hujifunika blanketi mapema na chakula hukigusa kidogo tu, nami hubaki na simu mkononi hadi chaji inaisha. Asubuhi nako, kwa sababu huku magharibi jua huchomoza karibu nusu saa baada ya Dar es Salaam, tunaamka gizani na baridi yetu. Siombi mbinu za biashara, maana nimeshapewa nyingi. Naomba ninyi mnaoishi shamba mnieleze mnavyopata utulivu nyumbani msimu huu, wakati mambo hayako sawa.

Mkazi wa Nzega

Pole sana, dada, na umfikishie mzee pole zetu. Nianze na nyumba yenyewe, kwa sababu majonzi na baridi vikikaa chumba kimoja ni vigumu kujua ni kipi kinachomlaza mzee mapema. Mbingu ya Juni na Julai haina mawingu, kwa hiyo joto la mchana hupotea upesi usiku, na bati lisilo na dari halilizuii. Nyumba za nyasi za wazee wetu zilikuwa na nafuu kwa hilo. Kandika upya nyufa za ukuta, kisha ziba uwazi ulio chini ya bati upande wa kusini mashariki unakotoka upepo, lakini dirisha la upande wa pili liweze kufunguka. Jiko la mkaa lisilale ndani na mtu, hata kama mkaa umekuwa mwekundu na hautoi moshi, kwa kuwa gesi ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na imeua watu wakiwa usingizini. Maji ya mzee ya kuoga yapashwe alasiri, si alfajiri.

Mama wa Sikonge

Mwanangu, kipupwe ndio msimu wa michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vya kukaushwa juani. Je, marehemu hakuwa akitengeneza? Viazi vya michembe humenywa vibichi na kukatwa vipande vyembamba, ilhali vya matobolwa huchemshwa kwanza na maganda yake, ndipo humenywa, hukatwa na kuanikwa. Anika juu ya mwamba ulio wazi au kwenye kichanja ambacho mbuzi hawakifikii (mbuzi wa jirani ndio wabaya zaidi), na uanue kabla ya jua kuzama. Matobolwa yaliyokauka sawasawa huwa magumu kama kuni, na ukiyagonganisha yanalia. Yakikunjika, yarudishe juani, la sivyo yataota ukungu ndani ya gunia.

Sikuelezi haya kwa ajili ya chakula peke yake, ingawa akiba hiyo hukufikisha kwenye mvua za Novemba, ghala likiwa limepungua. Nakueleza kwa sababu kazi hii haifanywi na mtu mmoja. Waite majirani wawili watatu waje kumenya, nawe uende kwao siku yao, na umwekee mzee kigoda karibu ili awe mkataji wenu. Mikono ikiwa na kazi, mdomo hufunguka wenyewe, na hata jina la mama yako litatajwa bila watu kunyamaza ghafla.

Mwana Kasulu

Nakubaliana na mama hapo juu, kwani hata huku kwetu, na kule Manyovu ambako baridi ni kali zaidi, jioni hukusanyika majirani kupukuchua mahindi na kuchambua maharage. Hata hivyo, msimlazimishe mzee kuchangamka. Miezi michache haitoshi kwa mtu aliyezoea sauti ya mwenzake kila jioni, na akitaka kukaa kimya katikati ya wamenyaji, aachwe. Kutokula ni jambo jingine: ikiwa nguo zimeanza kumpwaya, au amekohoa kwa wiki mbili au zaidi, mpeleke kituo cha afya, msiseme ni majonzi tu.

Mleta mada

Asanteni sana. Baba hakohoi, wala hajakonda kwa kiasi cha kutisha. Viazi tunavyo, matuta kadhaa upande wa bondeni, na nimeshazungumza na jirani zetu wawili. Baba mwenyewe aliposikia ameuliza kisu kidogo kiko wapi. Swali langu lililobaki ni kuhusu moto wa uwanjani, ambao zamani aliukokea wageni kila jioni: nyasi zote zimekauka, na upepo nao ndio huu.

Mkazi wa Nzega

Fagia uwanja hadi udongo ubaki mtupu hatua kadhaa kila upande, chimba kishimo kifupi, na moto uwe upande ambao upepo hausukumi cheche kuelekea nyumbani wala ghalani. Mkiondoka, mwagieni maji kisha mfukie kwa mchanga.

Mama wa Sikonge

Na viazi ukishavichimba, viache kivulini siku mbili tatu kabla ya kumenya. Vitakuwa vitamu zaidi.