Boileau, Despréaux, "sieur D*": ni mtu mmoja?

Mpanga_Faharasa
Wakuu, naandaa faharasa ya kitabu kuhusu washairi wa Ufaransa wa karne ya 17. Mara "Boileau", mara "Despréaux", na toleo la 1674 lina "sieur D*" (Bwana D*) tu. Nimweke herufi gani? Na jina hutamkwaje?

Rafu_ya_Juu
Ni mmoja, mkuu: Nicolas Boileau-Despréaux, aliyezaliwa Paris 1636 na kufia hukohuko 1711. Boileau ni jina la ukoo. Despréaux ni la kumtofautisha na kaka zake, na limetokana na kiwanja cha majani cha familia kule Crosne. Wenzake wa zama hizo walizoea kumwita Despréaux.

Angalia hapa, maana ndipo faharasa nyingi huharibika: kaka yake Gilles naye alikuwa mwandishi, akaingia Académie française, chuo cha wanalugha na waandishi wa Ufaransa, 1659. Nicolas aliingia 1684. Kwa hiyo "Boileau wa Académie" katika maandishi ya miaka ya 1660 ni Gilles.

Mweke B, kisha kwenye D andika "Despréaux, tazama Boileau". Satires (mashairi ya dhihaka) za 1666 na Œuvres diverses (kazi mbalimbali) za 1674, zenye L'Art poétique (shairi lake kuhusu sanaa ya ushairi) ndani, zilitoka kwa "sieur D*". Jina kamili lilichapwa toleo la 1701. Ziingize zote chini yake.

Mizani12
Matamshi ni "Bwalo", sawasawa na bwalo la chakula: *oi* hutoa "wa", *eau* hutoa "o". Despréaux ni "Depreo". *S* na *x* hazisikiki.

Maana yake ni "mnywa maji", kutoka *boire*, kunywa, na *l'eau*, maji. Waitaliano wana Bevilacqua, Waingereza Drinkwater. Usilichanganye na *bois*, msitu.

Mpanga_Faharasa
Shukrani sana. Na jina la mtu likiwa ndani ya beti zake, lina mizani ngapi?

Mizani12
Hutegemea neno linalofuata. Mstari wa Boileau una mizani 12, kituo baada ya mizani ya 6, kama ukwapi na utao wetu (nusu ya kwanza na ya pili ya mstari). Mfano kutoka L'Art poétique, akimtaja mshairi Malherbe:

*En-fin-Mal-her-be-vint, / et-le-pre-mier-en-France*

"Hatimaye akaja Malherbe, naye wa kwanza Ufaransa…" Kwa mazungumzo Malherbe ni mizani 2. Hapa ni 3, kwa kuwa *e* ya mwisho inafuatwa na konsonanti, *v*. Ukiimeza, ukwapi unabaki na 5 na mstari unapwaya. *E* ya France iko mwisho wa mstari, hiyo haihesabiwi.