Ofa Inakwisha Saa Sita Usiku

UKOO WA BI MWANAISHA 🌴 (watu 23)

*Mama Rukia, 19:48*
Assalaam alaykum jamani. Nina swali la haraka. Kuna kozi ya sayansi ya mtandaoni, kemia, fizikia na baiolojia kwa pamoja, mwaka mzima 48,000. Ofa inakwisha leo saa sita usiku. Nimlipie Rukia ama niache?

*Mama Rukia, 19:49*
[Picha]

*Salim Nairobi, 19:52*
Wa alaykum salaam dada. 48 ya Kenya??

*Mama Rukia, 19:52*
Ya Kenya. Bila ofa ni 80,000.

*Salim Nairobi, 19:53*
Hiyo 80 hakuna mtu amewahi kuilipa 😂

*Mjomba Muscat, 19:55*
Ijumaa Karim wapendwa wangu 🤲🌹🌹

*Bakari Columbus, 19:56*
Mjomba, leo Jumatano.

*Mjomba Muscat, 19:58*
Naitanguliza.

*Shangazi Tanga, 20:03*
Wa alaykum salaam. Mama Rukia, mtoto atafanya mtihani gani?

*Mama Rukia, 20:04*
Shikamoo Shangazi. Wa Uingereza, IGCSE, ule wa ngazi ya kidato cha nne. Tangu pumu imtoe shule Januari hesabu na Kiingereza tunakwenda vizuri hapa nyumbani. Sayansi ndiyo inanishinda. Mimi kemia niliiacha kidato cha pili na sikuiaga.

*Shangazi Tanga, 20:05*
Marahaba. IGCSE ya bodi gani ya mitihani?

*Mama Rukia, 20:05*
Kwani si moja?

*Shangazi Tanga, 20:06*
Si moja. Ngoja nichukue miwani.

*Bakari Columbus, 20:09*
Wakati Shangazi anatafuta miwani: sista, kwa nini usifuate njia ya huku? Mimi hawa wangu nawasomesha nyumbani mwaka wa nne. Ohio walilegeza sheria 2023, unaiarifu tu wilaya ya shule, na sayansi ni somo la lazima kama hesabu. Huyu mkubwa anachukua baiolojia kwenye chuo cha umma, kuna mpango unaitwa College Credit Plus, wanafunzi wa darasa la 7 hadi 12 wanasoma chuoni bila kulipa ada, hata wa nyumbani. Ana maabara ya kweli, koti jeupe, miwani, kila kitu.

*Salim Nairobi, 20:10*
Bro, Kisauni hakuna Ohio.

*Bakari Columbus, 20:10*
Natoa mfano tu 🙄

*Mama Rukia, 20:11*
Kaka vitabu vyenu je? Nitumie majina.

*Bakari Columbus, 20:15*
Na hapo ndipo uangalie sana. Vitabu vingi vya sayansi vya watoto wa nyumbani huku vinaandikwa na wachapishaji wa dini, wa Kikristo, na somo la kwanza la baiolojia ni ubishi juu ya umri wa dunia. Mke wangu alinunua seti nzima mwaka wa kwanza bila kufungua. Iko gereji. Sasa tunatumia OpenStax, vya Chuo Kikuu cha Rice kule Houston, bure kabisa kupakua. Ila vingi ni vya mwaka wa kwanza wa chuo, kwa Rukia vitakuwa vizito. Cha fizikia cha sekondari kipo.

*Shangazi Tanga, 20:21*
Nimepata. Zilikuwa kichwani.
Mama Rukia nisikilize. Usichague kozi, chagua mtihani kwanza, kozi itajileta. IGCSE ya Cambridge ina namba: baiolojia 0610, kemia 0620, fizikia 0625. Hiyo kozi yako imeandika namba gani?

*Mama Rukia, 20:23*
Nimepekua tangazo lote. Imeandika "inafaa mitaala yote ya kimataifa".

*Shangazi Tanga, 20:23*
Basi haina namba.

*Shangazi Tanga, 20:31*
Sasa tofauti ya bodi, maana hili ndilo linalowaumiza watoto wa nyumbani. Cambridge ina karatasi ya maabara. Shule yenye maabara inaweza kuchagua karatasi ya 5, mtoto anashika vifaa mwenyewe. Asiye na maabara anafanya karatasi ya 6, saa moja, alama 40, ni asilimia 20 ya somo. Ile ya 6 ni ya kuandika, lakini inamuuliza kama mtu aliyeshika vifaa: soma bureti hii (ule mrija wa kupimia), chora jedwali uweke vipimo, kosa liko wapi, ungefanyaje upya. Mtoto aliyetazama video tu anajulikana kwenye jibu la pili. Nimesahihisha majaribio ya hivyo miaka 31, nawajua.
Bodi nyingine ni Pearson Edexcel. Wao hawana karatasi ya maabara kabisa, maswali ya majaribio wameyatia ndani ya karatasi za kawaida.

*Mama Rukia, 20:32*
Basi hiyo ya Edexcel si ndiyo rahisi!

*Shangazi Tanga, 20:36*
Rahisi ya leo. Swali ni baada ya hapo anakwenda wapi. Akiendelea na A level ya Cambridge, yaani kidato cha tano na sita, pale maabara ni lazima, fizikia ni karatasi ya 3, saa mbili na vifaa mezani, haina mbadala. Edexcel hata A level ya kimataifa hilo wanalipima kwa kuandika. Kwa hiyo kwanza ujue kituo kipi hapo Mombasa kinapokea watahiniwa binafsi, na cha bodi gani. Nenda kaulize kwa miguu, usiulize kwenye tangazo. Usajili unafungwa miezi kabla ya mtihani.

*Salim Nairobi, 20:38*
Shangazi ameua. Mimi naongeza moja tu: silabasi zenyewe ni PDF za bure kwenye tovuti za bodi. Angalia miaka iliyoandikwa kwenye jalada. Rukia atafanya lini?

*Mama Rukia, 20:38*
2028 inshallah, mwezi wa tano.

*Salim Nairobi, 20:39*
Basi unataka ile ya 2026 hadi 2028. Na vitabu uko navyo?

*Mama Rukia, 20:41*
Cha fizikia nilinunua Jumamosi kwa wale wa vitabu vilivyotumika mjini, 600 tu, hakijachanika hata ukurasa. [Picha]

*Salim Nairobi, 20:42*
Dada hicho ni cha 2014.

*Mama Rukia, 20:42*
Fizikia inachacha kwani?

*Bakari Columbus, 20:42*
🤣🤣🤣

*Salim Nairobi, 20:44*
Haichachi, mtihani ndio unabadilika. Tangu mitihani ya 2023 fizikia ya Cambridge imeongezwa mada ya sita, anga za juu: dunia, mfumo wa jua, nyota, ulimwengu wote. Angalia mwisho wa hicho kitabu kama ipo.

*Mama Rukia, 20:50*
Haipo. Na Rukia amenisomea juu ya bega, anasema alishaona haipo tangu Jumamosi, hakutaka kuniambia kwa kuwa nilikuwa nimefurahi.

*Mama Rukia, 20:51*
Anataka kuandika mwenyewe. Nampa simu.

*Mama Rukia, 20:53*
Shikamooni wote. Ni mimi Rukia. Bibi Tanga, ile kozi nimetazama video za majaribio za bure. Mwalimu anaongea vizuri sana lakini kila jaribio linampa jibu sawasawa. Mimi nikifanya halinipi. Nimefanya pendulamu kwa uzi wa mita 1 na jiwe, kitabu kinasema mzunguko mmoja ni kama sekunde 2. Nimehesabu mizunguko 20 mara tatu: 40.8, 40.6, 40.7. Nikikokotoa inatakiwa 40.1. Nimerudia leo, vilevile. Stopuwochi ya simu ni mbovu?

*Shangazi Tanga, 20:55*
Marahaba mjukuu wangu. Nani kakufundisha kuhesabu 20 badala ya mmoja?

*Mama Rukia, 20:56*
Hakuna. Nikipima mmoja kidole changu kinachelewa kubonyeza, kila mara jibu jingine. Nikipima 20 ule ucheleweshaji unagawanyika.

*Shangazi Tanga, 20:56*
Allahu akbar.

*Bakari Columbus, 20:57*
Huyu mtoto ni wa nani 😳

*Shangazi Tanga, 20:58*
Simu yako haina ubaya. Hiyo mita 1 ulipima kutoka wapi hadi wapi?

*Mama Rukia, 20:59*
Kutoka msumarini hadi kwenye fundo.

*Shangazi Tanga, 20:59*
Na jiwe lina ukubwa gani?

*Mama Rukia, 21:00*
Kama ngumi yangu.

*Shangazi Tanga, 21:01*
Basi nenda ukalale nalo. Sikwambii.

*Mjomba Muscat, 21:04*
Rukia mwanangu soma udaktari, ukoo mzima tuna sukari.

*Mama Rukia, 21:05*
Mjomba babu shikamoo, sitaki udaktari, nataka nyota.

*Mama Rukia, 21:06*
Nimemnyang'anya simu. Sasa jamani mnanichanganya, ninunue nini? Hizi 48,000 nimezidunduliza toka mfungo. Saa zinakwenda.

*Salim Nairobi, 21:14*
Mimi ningefanya hivi. Silabasi uchapishe, ubandike ukutani, kila mada akiimaliza anaweka alama. Kitabu kimoja kwa kila somo, chenye muhuri wa bodi na miaka ileile ya silabasi, si lazima kipya. Video ni za bure: Khan Academy ina kemia, fizikia na baiolojia. CK-12 pia ni bure, vitabu na maswali. Kwa majaribio ya kwenye skrini kuna PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado, aliyeianzisha 2002 ni Carl Wieman, mwanafizikia wa Nobeli, na kuna nyingine zimeshatafsiriwa kwa Kiswahili.

*Mama Rukia, 21:15*
Na bando utanunua wewe?

*Salim Nairobi, 21:19*
Nilijua itafika hapo. Hizo za PhET zinapakuliwa zikatumika bila intaneti. Video za Khan nitakuwekea kwenye ile laptopu yangu ya zamani kwa programu ya Kolibri, imetengenezwa kwa ajili ya mahali pasipo na mtandao. Nakuja Mombasa wiki ijayo, nipikieni tu biriani.

*Mama Rukia, 21:20*
Biriani ipo hata bila laptopu. Lakini leta.

*Shangazi Tanga, 21:34*
Salim kasema vyema, ila skrini haina harufu. Na mimi nina pesa zako 48,000 pa kuziweka. Tenga sehemu, tafuta shule jirani yenye maabara, uongee na mwalimu mkuu wakati wa likizo, siku nne au tano kwa kulipia, na mtu wao wa maabara awepo. Titresheni, ile ya kupima asidi kwa bureti, afanye huko, vitu vyenye moshi huko, tena mwambie mwalimu habari ya pumu kabla, si baada.
Yanayobaki ni jikoni. Kipande cha kiazi kwenye maji matupu na kingine kwenye maji ya chumvi, apime urefu kabla na baada. Choya akiichemsha ana litmasi yake, kipima asidi: ndimu inaifanya nyekundu zaidi, magadi yanaigeuza. Wanga kwenye jani: lichemshe majini, kisha UZIME JIKO, jani litie ndani ya glasi ya spiriti, glasi iwe kwenye sufuria ya maji moto. Spiriti haikai karibu na moto hata siku moja, na dirisha liwe wazi. Jani likishakuwa jeupe, suuza, dondosha ayodini ya duka la dawa. Weusi wa buluu ndio wanga.
Na klorini ya kufulia asiiguse kabisa. Asichanganye na chochote. Mnanisikia?

*Bakari Columbus, 21:36*
Tumekusikia mwalimu 🫡 Mimi Desemba nakuja, naleta hadubini. Ile ya mkubwa wangu haitumii tena, sasa anatumia za chuo.

*Mama Rukia, 21:37*
Kaka Mungu akuzidishie. Na ile seti ya gereji iache hukohuko.

*Bakari Columbus, 21:37*
😂 Inashikilia mlango.

*Bibi Mwanaisha, 21:50*
[Ujumbe wa sauti, 1:42]

*Salim Nairobi, 21:54*
Kwa walio kazini: Bibi anauliza ni nani anayetaka kuchemsha spiriti nyumbani kwake.

*Shangazi Tanga, 21:55*
Mama hakuna anayechemsha spiriti. Nakupigia.

*Mama Rukia, 23:41*
Mmelala? Zimebaki dakika 19. Tangazo lina saa inayohesabu kurudi nyuma, roho inanidunda.

*Salim Nairobi, 23:43*
Waandikie hapo kwenye gumzo lao: "Je, kozi hii inafuata 0625 ya 2026 hadi 2028, na inamwandaa mtoto kwa karatasi ya 6?" Wakijibu ndiyo na wakuonyeshe, tuongee.

*Mama Rukia, 23:52*
Wamejibu. "Ndiyo mpendwa mteja, kozi yetu inafaa mitaala yote ya kimataifa 😊"

*Salim Nairobi, 23:53*
Lala dada.

*Mama Rukia, 00:04*
Jamani.

*Mama Rukia, 00:04*
[Picha]

*Mama Rukia, 00:05*
"Kwa maombi ya wateja wetu, ofa imeongezwa siku 3."

*Bakari Columbus, 00:06*
💀

*Mama Rukia, 06:17*
Shikamoo Bibi Tanga, ni Rukia, mama yuko anasali. Nimelipima jiwe kwa kulibana katikati ya vitabu viwili, ni sentimita 6. Kwa hiyo uzi wangu haukuwa 100, nilitakiwa kupima hadi katikati ya jiwe, ni 103. Nimekokotoa upya, mizunguko 20 inakuja 40.7. Ilikuwa sawa tangu mwanzo!! Sasa nifute ile 100 kwenye daftari niandike 103?

*Shangazi Tanga, 06:20*
Marahaba mwalimu mwenzangu. Usifute. Ikate kwa mstari mmoja wa kalamu, isomeke, na pembeni uandike kwa nini.