Naombeni ushauri, nina afya na muda, niutumieje?

Wakuu habari za jioni. Mimi ni kijana wa miaka 27, niko Dar, sijaoa sina mtoto, kazi nafanya Jumatatu mpaka Ijumaa na afya namshukuru Mungu iko poa kabisa. Wikiendi zote ni zangu ila zinaishia kwenye simu na mpira, na hilo linaniuma kwa kweli, maana hapa mtaani kuna jirani yetu mtoto wake ana selimundu (sickle cell, ule ugonjwa wa damu wa kurithi), kila akizidiwa mama yake anahangaika kutafuta ndugu wa kumchangia damu, yani mtu anauguliwa na bado aanze kupiga simu kuomba watu.

Sasa nimeamua niwe nachangia damu kila mara, sio mpaka mtu augue. Najua mwanaume inaruhusiwa kila baada ya miezi 3 na mwanamke miezi 4, na uzito usipungue kilo 50, hapo nipo sawa. Lakini hiyo ni mara 4 tu kwa mwaka, wikiendi nyingine je?

Nawaza kukusanya vijana wenzangu wa mtaani tuwe tunaenda pamoja kwa zamu, au nijitolee wodini kusaidia wagonjwa wasio na ndugu. Wenye uzoefu, wodini wanapokea mtu asiyesomea uuguzi? Naanzia kwa nani, ustawi wa jamii wa hospitali au serikali ya mtaa? Na vijana wanaoogopa sindano mnawashawishi vipi?