Naomba ushauri: TV ya Great Wall ya sebuleni ionyeshe tena

Hamjambo wanakikundi. Naomba msaada kwa wanaojua TV za zamani.

Tunakarabati nyumba ya wazazi Buruburu, Nairobi, na nimekataa katakata sebule iguswe: kabati la mbao, vitambaa vya mama vya kufuma juu ya viti, na TV yetu ya Great Wall ya inchi 14, ya picha nyeusi na nyeupe. Watoto wa korti nzima (nyumba zote za ua wetu) walijazana sakafuni hapo kutazama Vitimbi na Vioja Mahakamani. Aliyechelewa alitazamia dirishani.

Nimeiwasha, inawaka, ila ni chenga tupu, maana matangazo ya analogi yalizimwa 2015. King'amuzi chetu kina matundu ya AV na HDMI ya kutolea picha na sauti. TV ina tundu la antena pekee. Fundi wa kwanza alinicheka, wa pili akataka kuinunua kama chuma chakavu.

Nasikia kuna kisanduku kiitwacho modyuleta, kinachogeuza AV kuwa mawimbi ya antena. Nairobi kinapatikana wapi, na TV niiweke chaneli ya ngapi? Halafu kapasita kuukuu za ndani ya TV (vile vipuri vinavyohifadhi umeme), nizibadilishe kwanza au nisizichokoze?