Meli ya kitalii: gharama zipungue wapi?

Swali: Wakuu, mimi na mke wangu tuko Tanga, tunataka meli ya siku 7 Mediterania, kuanzia na kuishia Barcelona. Tupunguze wapi?

Jibu: Chukueni chumba cha ndani kisicho na dirisha, chakula ni kilekile. Epukeni Julai na Agosti. Ulizeni pia kama bakshishi ya kila siku imo kwenye bei.

Jibu: Kaka, angalia viza kwanza, hapo ndipo watu hupoteza nauli nzima! Meli ikitia nanga Tunisia au Uturuki, mmeshatoka Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Viza ya kuingia mara moja haiwarudishi Barcelona. Ombeni ya kuingia mara nyingi.

Jibu: Dada kasema kweli. Na fikeni siku moja kabla. Ndege ikichelewa, meli haisubiri.